Sura ya Sita: Maskani ya Kinyonga

Mtu akaaye Mkuyuni, penye mteremko ushukao kutoka majabali ya vilimani hadi ufukwe wa Ghuba ya Mwanza, hana haja ya kufunga safari ili amwone kinyonga. Atamkuta katika ua wa bustani yake, juu ya tawi la mpera, au akivuka njia ya miguu baada ya mvua za vuli, kwa ule mwendo wake wa kuyumbayumba, hatua moja mbele na nusu yake nyuma, huku jicho moja likimchunguza mpita njia na la pili likitafuta pa kushika. Ni jirani wa siku zote, na kwa sababu ya ujirani huo wengi hudhani kwamba kumweka nyumbani ni jambo jepesi: sanduku, tawi kavu, kisahani cha maji na panzi wawili watatu, basi kazi imekwisha. Aghalabu kinyonga awekwaye hivyo hafiki mbali, na mwenyewe, akimtoa amekauka na macho yamezama, husema kwamba hiyo ndiyo hulka ya mnyama huyu, hakubali kufugwa. Mimi nasema kwamba amekufa kwa kiu ilhali maji yamo ndani ya nyumba, kwa uhaba wa jua katika mji ulio nyuzi mbili na nusu tu kusini ya Ikweta, na kwa hewa iliyotuama mahali ambapo upepo wa ziwa haukosekani alasiri hata moja.

Kizimba cha kinyonga hujengwa kwa hali ya hewa kwanza, na kwa mbao baadaye. Huko Ulaya na Marekani, ambako watu wengi humfuga na ambako vitabu vingi juu ya ufugaji wake vimeandikwa, mfugaji hununua taa moja ya kuleta joto, taa ya pili ya kuleta ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa jicho, mashine ya kunyunyiza maji na saa ya kuviwasha na kuvizima vyote hivyo, ili chumba chenye baridi kipate kufanana, kwa saa kumi na mbili za mchana, na kichaka cha Afrika. Mkazi wa Mkuyuni asomaye vitabu hivyo hudhani kuwa amepungukiwa kwa kuwa hana taa. Laiti angalitoka nje akatazama juu! Yeye anayo kazi nyingine kabisa, nayo ni kutomzuilia kinyonga yale ambayo Mkuyuni imekwisha kumjaalia, na kazi hiyo, ingawa haina gharama kubwa, yataka fikira na uangalifu mwingi.

Kabla ya msumari wa kwanza, iko sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na kinyonga, ijapokuwa ni mdogo hata akaenea kiganjani, yumo katika hesabu hiyo. Atakaye kumkamata na kumweka kizimbani yampasa apate kibali, na mlango wa kubisha ni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA. Fauka ya hayo, vinyonga wetu wamo katika orodha za ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1979, na katika mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje baada ya miaka mingi ambayo vinyonga wa milima yetu walikuwa wakitiwa katika vifuko vya nguo na kupelekwa ng'ambo kwa maelfu. Kwa hiyo sura hii naiandikia shule, chuo au mtu mwenye idhini, na kadhalika yule ambaye kinyonga aliyejeruhiwa amefikishwa mlangoni pake na kukabidhiwa kwake kwa ruhusa mpaka apone. Asiye na idhini namwomba asikate tamaa, kwa maana nitamrudia baadaye, na huenda fungu lake likawa jema kuliko la mwenye kizimba.

Lazima tujue tunamjengea nani. Tanzania, ukiacha kisiwa cha Bukini ambacho hakina mshindani, ni nchi yenye aina nyingi mno za vinyonga, na kila aina ina maskani yake. Wapo wa misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa, waliozoea ukungu na usiku wa baridi. Wapo wenye pembe tatu usoni, waishio katika miteremko ya Mlima Meru. Na wapo vibeti wa rangi ya majani makavu, warefu wa kidole tu, watembeao chini ya miti na kupanda juu ya vijiti wakati wa kulala. Yule wa bustani za Mwanza aghalabu ni yule mwenye vipande viwili vya ngozi vilivyolala nyuma ya kichwa, ambavyo huvinyanyua akikasirika, na wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, jina alilopewa na Mwingereza William Elford Leach mwaka 1819. Huyu ni mtu wa mbuga na vichaka, aonekanaye toka Afrika ya Kusini hadi pwani ya Somalia. Hustahimili jua, hustahimili kiangazi cha Juni hadi Septemba, na usiku wetu wa nyuzi kumi na nane haumdhuru kitu. Ndiye nimsemaye katika kurasa hizi. Mtu asichukue kanuni zake akampa wa Usambara, kwa maana joto ambalo kwa huyu ni neema kwa yule ni mauti.

Kwamba hali ya hewa ni kitu kiwezacho kujengwa, na kwamba uhai wa kiumbe kizima huweza kutegemea ujenzi huo, tuna ushahidi wake katika nchi yetu wenyewe. Katika korongo la Mto Kihansi, kusini mwa milima ya Udzungwa, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye makazi yake yote yalikuwa ni kipande cha majani kilicholowa daima kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000 na sehemu kubwa ya maji ikageuzwa njia, manyunyu yalikoma. Mwaka huo huo vyura 499 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, na baada ya wengi wao kufa, watunzaji wa huko na wa Toledo walifaulu kuwaundia manyunyu ndani ya masanduku, wakazaa na kuongezeka. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini; mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; na mwaka 2012, baada ya korongo lenyewe kutandikwa mabomba ya kunyunyiza, alirejeshwa Kihansi. Ukubwa wa sanduku haukuwa na maana yoyote kwa chura yule mpaka yalipopatikana maji ya namna ile aliyoyajua. Kinyonga hana masharti magumu kiasi hicho, lakini mantiki ni ile ile.

Sasa twende kwa fundi. Nilipomweleza seremala wa jirani kuwa nataka kizimba cha futi mbili kwa mbili, na kimo futi nne, alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, umegeuza vipimo. Banda hulala, halisimami."

"La, fundi. Huyu hatembei chini. Njia zake zote ni za kupanda na kushuka."

Akatulia, akashika penseli, na tangu hapo hakuuliza tena sababu, bali aliuliza namna, ambalo ndilo swali la fundi hodari. Vipimo hivyo, ambavyo ni sentimita 60 kwa 60 kwa 120, ndivyo vya chini kwa kinyonga mzima, na mwenye nafasi na azidishe. Maana kinyonga humvizia mdudu kwa mbali, na ulimi wake, ambao urefu wake ukitupwa hupita urefu wa kiwiliwili, huhitaji uwanja wa kurushwa. Katika sanduku finyu mawindo huwa yako puani pake wakati wote, naye hushindwa kufanya kazi aliyoumbwa kuifanya.

Mbao za msonobari zitokazo shamba la miti la Buhindi, ng'ambo ya ghuba, zatosha kabisa, mradi zisiwe zimetiwa dawa ya wadudu. Harufu kali pasipo upepo mwingi ni sumu, na kinyonga, kwa kuwa hukaa ameshikilia ubao saa nyingi, huipokea kwa ngozi na kwa pumzi. Kuta zote nne nataka ziwe za wavu. Hapo ndipo vijana walioona picha za masanduku ya kioo hunipinga, wakisema kioo ni kizuri na mnyama huonekana vema. Kioo kina madhara matatu. Huzuia ule mwanga wa jua usioonekana ambao ngozi ya kinyonga huutumia kutengenezea vitamini D, na bila vitamini hiyo madini ya chokaa hayaingii mifupani, miguu hupinda, taya hulegea, na ulimi hushindwa kutoka. Hurudisha sura yake mwenyewe, naye, akiwa hayawani apendaye upweke, hudhani yumo na mpinzani asiyekubali kuondoka, akakaa katika hasira mpaka akaacha kula. Na katika jua la Mkuyuni la saa sita mchana, sanduku la kioo hugeuka tanuri kwa muda usiozidi ule wa kunywa chai.

Kuhusu wavu, nina hadhari mbili. Mkazi wa ufukweni hujiwa kwanza na fikira ya nyavu za dagaa, kwa kuwa zimejaa kila mahali na zilizochakaa hupatikana kwa bei ndogo. Lakini uzi ule laini hunasa kucha. Kinyonga hushika kwa miguu iliyogawanyika mafungu mawili, vidole vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na mguu ulionaswa huvutwa kwa nguvu hadi kucha ing'oke. Ule wavu mwembamba wa chuma wa kuzuia mbu madirishani nao ni mkali kwa nyayo, na matundu yake hupunguza mwanga. Ufaao ni wavu mgumu uliopakwa plastiki, wenye matundu madogo kiasi cha kuzuia panzi kutoka, na ncha zote za waya zikunjwe upande wa nje, chini ya ubao. Fundi wangu alipitisha kiganja chake juu ya kila kiungo kabla ya kukabidhi kazi, na palipomkwaruza alirudi na koleo. Sijaona kipimo bora kuliko hicho.

Juu, nusu ya paa iwe wazi kwa wavu na nusu iezekwe kwa nyasi. Bati halifai, maana huchemka mchana na kupiga kelele za mvua usiku. Nusu kwa nusu hiyo ni moyo wa jambo zima, kwa sababu kinyonga hana joto la mwilini mwake mwenyewe, hulikopa kwa jua na kulilipa kwa kivuli, na kizimba kisichompa hiari ya kuchagua kati ya viwili hivyo ni kifungo hata kiwe kipana namna gani. Asubuhi utamwona ametokeza ubavu mmoja juani, ameupanua na kuutia weusi ili unywe joto upesi. Akishapata nyuzi thelathini au pungufu kidogo hurudi majanini, rangi ikaanza kufifia kuwa kijani. Basi kizimba kiwekwe mahali panapopata jua la mashariki tangu linapochomoza hadi saa nne, kisha kivuli cha mti wakati wa adhuhuri. Nasisitiza neno mti, kwa sababu huku kwetu wengi watakiweka chini ya jabali. Yale mawe makubwa ya matale yanayoupamba mji wetu hunywa jua la mchana kutwa, hususan yaliyoelekea ziwani ambako jua la alasiri huyapiga bila kizuizi, na huendelea kutoa joto mpaka usiku mwingi. Kinyonga aliyewekwa ubavuni mwa jabali hukosa ule usiku baridi ambao mwili wake huutumia kupumzika, akadhoofu pasipo sababu ionekanayo.

Kisha kiinuliwe, hata tawi la juu kabisa lipite kichwa cha mtu aliyesimama. Katika maisha ya kinyonga, ajaye kutoka juu ni tipitipi au kipanga. Mkono uingiao kwa juu kumletea chakula huufahamu hivyo hivyo. Awekwe juu, atutazame kwa chini, na hofu yake nyingi itaondoka yenyewe. Miguu ya meza inayobeba kizimba isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu ya gari juu yake, kwa sababu ya siafu. Nyoka hukawia, paka husikika, lakini siafu huja usiku mmoja tu wa masika na asubuhi hukuti kitu isipokuwa mifupa. Mnyama aliye huru hukimbilia tawi la mbali, na aliye kizimbani hana pa kukimbilia. Mtu aliyemfungia kiumbe njia zake za kuokoka amechukua dhima ya kumwokoa yeye mwenyewe. Makopo hayo yakaguliwe kila jioni, na tawi lolote la nje lisiguse kizimba, maana ndilo litakalokuwa daraja.

Ndani, tupande tusipambe. Mti hai katika chungu ni bora kuliko matawi kumi makavu, kwa sababu majani hushika umande, hutoa kivuli na humpa kinyonga mahali pa kujificha asionekane, na kinyonga asiyeweza kujificha haoni raha hata dakika moja. Mpera mchanga hufaa sana. Kadhalika miti ya maua ya hibiskasi, ambayo majani na maua yake hayamdhuru hata akiyatafuna. Matawi yawe ya unene mbalimbali, mengine ya kidole na mengine ya kalamu, yaliyolala na yaliyosimama, yakiungana toka sakafuni hadi darini pasipo pengo. Mnyaa usiingie kabisa. Najua ndio ua wa jadi Usukumani, haugharimu kitu na hushika upesi, lakini utomvu wake mweupe ukigusa jicho huunguza, na macho ya kinyonga ndiyo riziki yake.

Sasa juu ya maji, jambo ambalo limeua vinyonga wengi kuliko njaa. Maji ya kisahani kinyonga hayatambui kuwa ni maji. Yeye tangu azaliwe hunywa matone: umande wa alfajiri na mvua iliyobaki juu ya majani. Mtazame anaponywa na hutasahau: tone linang'aa kwenye ncha ya jani, jicho moja linaligeukia na kutulia, kichwa kinainuka polepole, ncha ya ulimi inaligusa, kisha koo linaanza kwenda juu na chini, na macho yote mawili yanazama kidogo ndani kwa kila funda. Kinyonga mwenye kiu huweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu sana, na ni kosa kuacha kunyunyiza kwa kuwa majani yamekwisha kulowa, maana yeye huanza kunywa pale ambapo sisi tunadhani tumemaliza. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano na kutundikwa juu ya wavu, ikidondosha tone baada ya tone juu ya majani ya mpera asubuhi nzima, yatosha. Na bomba la kunyunyizia maua litumike alfajiri na tena magharibi, hasa wakati wa kiangazi. Maji ya mvua yaliyokingwa paani ni bora. Baina ya nyakati hizo mbili kizimba kikauke kabisa. Umande usiokauka, joto na hewa iliyotuama huzaa ukungu, na ukungu huingia mapafuni. Ndiyo maana nilisema kuta zote ziwe za wavu, upepo wa ziwa upite upande huu na kutokea upande ule.

Chakula si tatizo kwetu. Panzi na nyenje wako kila mahali pasiponyunyizwa dawa. Kumbikumbi huja na mvua. Na wale nzi wadogo wa ziwani, wanapopanda kutoka majini kwa makundi na kufunika ghuba, huwafaa watoto wa kinyonga wasioweza panzi. Mtu atofautishe siku na siku, maana aina moja ya mdudu haimtoshelezi mnyama yeyote. Wadudu wapakwe kidogo unga wa chokaa ya mifugo, ule uuzwao katika maduka ya vyakula vya kuku, na nyenje walioachwa watolewe kabla ya giza, kwa sababu huwang'ata vinyonga waliolala.

Iko habari ienezwayo sana kwamba kinyonga jike hufa akizaa, tumbo likapasuka na watoto wakatoka. Wazee wetu hawakuitunga kwa uongo, na mimi naamini nimejua ilikotoka. Wapo vinyonga wa milimani wazaao watoto hai, wakiwadondosha mmoja mmoja juu ya matawi, nao huishi wakazaa tena. Huyu wetu hutaga mayai, makumi kwa mara moja. Siku zikitimia huteremka mtini, jambo asilolipenda, huzungukazunguka akitafuta udongo mwororo wenye unyevu, huchimba kwa miguu ya mbele hata akatoweka mzima ndani ya shimo, hutaga, hufukia, hukanyagia, kisha hurudi juu akiwa amekonda na kutapakaa vumbi. Lakini jike aliyefungiwa mahali pasipo udongo huyazuia mayai tumboni, akavimba, akaacha kula, na mwisho yakamuua. Na mtoto aliyemfuga katika boksi, amwonapo amekufa na tumbo limejaa, ana haki ya kuamini alivyosikia. Hiyo ni taksiri ya nyumba aliyojengewa. Kila kizimba cha jike kiwe na beseni pana lenye udongo na mchanga vilivyochanganywa, kina kisichopungua sentimita 25, unyevu wake ukiwa ule wa kushikamana ukifinywa bila kutoa maji. Na jike akianza kuchimba, kizimba kifunikwe kwa kitambaa, watu waondoke, maana akiona anatazamwa huacha.

Kinyonga mmoja kwa kizimba kimoja. Wawili, hata dume na jike, hata ndugu wa tumbo moja, hawakai pamoja, na asiyepigana waziwazi anaonewa kimya kimya. Mwenye macho atasoma hayo katika rangi. Watu humsingizia kinyonga kwamba hujigeuza ili adanganye, na jina lake limekuwa tusi la mnafiki, kumbe yeye ni mmoja wa wanyama wasioweza kuficha yaliyo moyoni. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakimchunguza kinyonga mmoja wa Bukini, walionyesha kuwa ndani ya ngozi yake mna fuwele ndogo mno zilizopangwa safu safu, na kwamba akitulia safu hukaribiana, akighadhibika hutanuka, na mwanga urudishwao hubadilika kutoka buluu na kijani kwenda manjano na wekundu. Kwa mfugaji, hiyo ni barua iandikwayo upya kila saa. Weusi wa asubuhi juani ni kuota jua. Weusi wa adhuhuri kivulini, pamoja na madoa, ni hofu au ugonjwa. Na macho yaliyofumbwa mchana, rangi iwayo yoyote, ni hatari, na apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nimeahidi kumrudia asiye na idhini. Mwaka 1972 mwenye duka moja la wanyama huko Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu cha Hawaii, alipokea kwa kibali vinyonga wa pembe tatu, dazeni kadhaa, kutoka Kenya. Walifika wamedhoofu kwa safari, naye akawaachia bustanini mwake ili wapate nguvu. Walipata nguvu, wakatoka, wakazaliana, na leo wamo katika visiwa kadhaa vya jimbo lile wakila wadudu na konokono ambao hawapatikani kwingineko duniani. Watu hukisimulia kisa hiki kama onyo, na ni onyo kweli: kinyonga wa Usambara asiachiwe Mwanza, wala wa Mwanza Usambara. Lakini ndani yake mna jambo la pili ambalo halisemwi sana, nalo ni kwamba bustani ya kawaida, isiyo na ukuta wala dari, iliwaponya wagonjwa ambao duka halikuweza kuwaponya.

Basi mkazi wa Mkuyuni, ambaye kinyonga wake yuko katika nchi aliyozaliwa, aweza kumpa maskani pasipo kumfungia. Apande ua mzito wa hibiskasi na mipera upande wa mashariki wa nyumba, auache uungane na mti mkubwa, asiunyunyizie dawa ya wadudu, na anyunyize maji majanini jioni za kiangazi kama anavyomwagia mchicha. Siku ya kupunguza ua, apite usiku wa kuamkia siku hiyo akiwa na tochi: kinyonga aliyelala hupauka, na katika mwanga wa tochi huonekana mweupe juu ya ncha ya tawi, hata mtoto humtambua. Tawi hilo lifungwe uzi mwekundu lisikatwe, na ua ukatwe upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Na wanaosakafia ua wao wote kwa saruji nawaomba wasaze kipande cha udongo chini ya miti hiyo, upana wa jamvi, chenye jua la asubuhi. Na atakayekuta hapo shimo lililofukiwa upya, asimamishe vijiti vinne na kuzungusha wavu wa kuzuia kuku, wala asilime hapo mpaka mvua za msimu unaofuata zipite.